Mgunga Chunguni: Mjadala wa Kitengela

Ukitoka Athi River kuelekea Namanga, vitalu vya miche vimejipanga kando ya barabara. Kati ya miche ya miembe na maparachichi, siku hizi utaona vyungu bapa vyenye miti mifupi iliyokomaa: mitini ya majani madogo, mawaridi ya jangwani yenye mashina yaliyovimba, mara moja moja mgunga. Ndiyo bonsai hiyo. Wapita njia husimama wakauliza bei. Wengine hustaajabu, wengine hukasirika. Ubishi ninaouandika hapa nimeusikia vipande vipande, kwa vinywa vingi, nami nimeugawa kwa sauti nne ili usomeke: Mama mwenye kitalu, Mzee, mfugaji wa upande wa Isinya, Mwalimu wa biolojia, na Dada, mfanyakazi wa zamu kiwandani anayelea miti kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Mimi niko upande wa Dada. Lakini mwenye hoja nzito kuliko wote ni Mzee, kwa hiyo yeye ndiye anayeanza.

MZEE: Huu mti una umri gani, binti yangu?

DADA: Umepita miaka kumi, Mzee. Niliuotesha kwa mbegu.

MZEE: Mgunga wa umri huo kule kwangu, ndama hulala chini yake saa sita za mchana. Huu wako hata kifaranga hapati kivuli. Umeukata mzizi, umeukata kilele, ukaufunga nyuzi. Ningemfanyia ng'ombe hivyo, majirani wangekuja kuniuliza nina shida gani na mnyama wangu.

MAMA: Mzee wangu, boma lako si limezungushiwa matawi ya miiba? Nayo yalikatwa.

MZEE: Nilikata kwa haja. Fisi yupo, mbuzi wapo. Ndiyo nauliza, haja ya huu ni nini?

MWALIMU: Kabla hatujafika kwenye haja, niruhusu Mzee niseme kidogo kuhusu kukatwa kwenyewe. Ule mti mnaouita eluai, mgunga mdogo wenye miiba iliyovimba vinundu, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu huishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na umaji mtamu, nao humuuma kila anayekuja kula majani. Kule Laikipia, tangu 1995, watafiti walizungushia sehemu za mbuga ua wa umeme ili ndovu na twiga wasiingie. Ungetarajia miti ya ndani inawiri. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 katika jarida la Science yalionyesha kinyume. Mti usioliwa ulipunguza vinundu na umaji wake, kwa kuwa haukuwa na wa kujikinga naye. Sisimizi walinzi wakapungua, wakaingia wengine wasiojali mbawakawa wanaotoboa shina. Miti iliyolindwa ikakua polepole, ikafa kwa wingi kuliko ile inayoliwa kila siku.

MZEE: Na twiga akishiba huenda zake, Mwalimu. Huyu binti haendi.

DADA: Kweli, siendi. Lakini kukata nimejifunza kwa kumtazama huyo twiga.

Hapo niingilie, kwa sababu msomaji asiyeijua Kitengela anaweza kudhani Dada anapamba maneno. Mbuga ya Nairobi iliyoanzishwa 1946 imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto, imeachwa wazi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti, na hapo ndipo wanyama walikuwa wakipita msimu wa mvua. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake, na baada ya hapo ardhi ikaanza kukatwa ploti za hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilikuta mji wenye zaidi ya watu 150,000. Udongo wa huko ni ule mweusi wa pamba, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi ikija, ukikatakata mizizi midogo. Miti mingi huukataa. Eluai huuvumilia, na matokeo yake ni mti wa umri mkubwa usiozidi kimo cha mtu: shina nene chini, lenye makovu ya moto na panga, na matawi yaliyochongwa na midomo ya wanyama hadi yakawa na umbo ambalo mtu angehitaji nusu ya maisha yake kuliiga kwa mkasi. Nimewaona wageni wakipita katikati yake wakisema nyika haina kitu.

DADA: Mgunga wa mwavuli, oltepesi, hauzaliwi mwavuli. Ukiwa mdogo ni kichaka, matawi yake huanzia chini kabisa. Wanyama hula ya chini, kilele kinaponyoka juu ya midomo yao, kisha kinatanda. Nami nafuata njia hiyo hiyo. Mbegu naimwagia maji ya moto na kuilaza humo usiku kucha, ganda gumu lilainike. Mche ukishatoa majani nakata mzizi mkuu, maana mgunga hupeleka mzizi chini kabla haujajenga chochote cha maana juu, na chungu bapa hakina kina hicho. Mizizi ya pembeni ikitanda, nauacha misimu kadhaa bila kuugusa. Hapo ndipo wengi hawana subira: wanaanza kuunda umbo kwenye shina jembamba kama penseli, na jembamba litabaki. Shina likinenepa ndipo nakata kilele, mara moja, bila huruma. Hutoka machipukizi manne au matano. Nabakiza mawili au matatu. Kila moja likirefuka nalikata juu ya jicho la pili, na nachagua jicho linalotazama nje, kwa sababu tawi jipya huelekea kule jicho linakotazama. Likizaa mawili, narudia. Yanayoelekea chini nayatoa. Yanayosimama wima nayavuta kwa uzi uliofungwa ukingoni mwa chungu.

MAMA: Na waya?

DADA: Kidogo sana, mama. Tawi la mgunga likikomaa halikunjiki, linakatika. Lazima ulizungushie waya likiwa bado kijani, kwa mshazari, usibane. Na mvua ikishaanza linanenepa upesi, waya unazama kwenye gome ndani ya wiki chache. Kovu lile halifutiki. Ndiyo maana napenda mkasi.

Aina hii ya kuunda mti kwa kukata na kungoja, waya ukitumika kwa uchache, ina historia ndefu kusini mwa China, huko Guangdong, na inafaa miti yetu kuliko mafunzo mengi yanayotangazwa. Bonsai inayouzwa duniani kwa wingi ina sura ya msonobari wa Japani: pembetatu, matawi yameinama chini. Msonobari mzee wa milimani umeinama hivyo kwa sababu ya uzito wa theluji wa miaka mingi. Kajiado theluji huonekana kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro. Mgunga ulioinamishwa matawi kwa waya ili ufanane na msonobari ni mti unaosimulia hali ya hewa ambayo haujawahi kuiishi, na jicho la mtu aliyekulia hapa huhisi kasoro hata asipojua kuitaja. Charles Ceronio wa Pretoria aliliona hili zamani. Alitambulisha mitindo ya bonsai iliyotokana na miti ya Afrika, mmoja wa mbuyu, mwingine wa mgunga wenye kilele bapa, na mwingine akauita kwa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef, aliyefariki 1957, ambaye migunga ya mwavuli ilijaa katika picha zake: shina tupu kwa sehemu kubwa ya urefu, kisha matawi yanagawanyika kwenda juu na kufunga kwa paa moja. Mafundi wa Japani, Ulaya na Marekani wanaujua mtindo huo. Sisi tunaoamka na kuukuta dirishani tunanunua mtini uliokunjwa kama nyoka.

MAMA: Sasa nisikilizeni na mimi ninayelipa kodi ya kiwanja. Huo mtini uliokunjwa kama nyoka ndio unaosomesha watoto wangu. Mteja wangu amehamia nyumba mpya, anataka kitu cha kuweka sebuleni. Mtini ukiukata unatoa utomvu mweupe, unajifunga, wiki ya tatu unachipua kila mahali. Ukikosea unakusamehe. Mgunga una miiba, unadondosha majani, na ukiuweka sebuleni unakufa. Mteja akirudi na mti uliokufa, ananilaumu mimi, halaumu sebule.

DADA: Mwambie auweke nje, juani.

MAMA: Nimewaambia wangapi! Wanataka mezani, karibu na televisheni.

MWALIMU: Mama, kuna jambo moja sitalinyamazia. Mche wa mwaka mmoja uliokatwa kilele na kutiwa kwenye chungu bapa, nawe unauuza kama bonsai ya miaka mitano. Hilo si haki.

MAMA: Wapo wanaofanya hivyo. Mimi nasema umri wa kweli, ndiyo maana mauzo yangu ni madogo.

Namwamini Mama. Na biashara yake naiunga mkono kuliko maneno yangu ya juu yanavyoonyesha, kwa sababu mtu aliyenunua mtini wa sebuleni akaufisha, akaudhika, akarudi kuuliza kwa nini, ndiye huyo huyo atakayeanza kutazama miti.

MZEE: Hiyo mitini, kuna aina sisi tunaiita oreteti. Wazee huombea chini yake. Nayo mnaitia vyunguni?

MAMA: Ninayouza mimi imetoka ng'ambo, Mzee, ya majani madogo. Oreteti sijagusa.

MZEE: Usiuguse. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Ila bado sijajibiwa swali langu la haja, na sasa nina la pili juu yake. Kuanzia vuli ya 2020 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Nilikuwa naamka alfajiri kuwainua ng'ombe kwa mikono, tukiwashika mkiani na pembeni, wengine hawakuinuka. Kwenye barabara hii hii mizoga ilikuwa imelala. Wakati huo wewe ulikuwa unaumwagilia mti huu?

DADA: Nilikuwa naumwagilia.

MZEE: Kila siku?

DADA: Siku za jua kali, kila siku, pengine mara mbili. Udongo wa chunguni ni haba, ukikauka kabisa siku moja mizizi imekwenda. Chungu cha ukubwa huu hunywa chini ya lita moja. Maji ya kisima hapa yana chumvi na floridi nyingi, yanaunguza ncha za majani na kuacha ukoko mweupe kwenye chungu, kwa hiyo nilitumia maji niliyokinga ya mvua hadi yakaisha, kisha nikatumia yaliyooshea mboga.

MZEE: Sikuulizi lita. Nakuuliza kama ulijua kilichokuwa kinatupata, mwendo mfupi tu kutoka roshani yako.

DADA: Nilijua kwa sababu ya mti, Mzee. Zamani mvua kwangu ilikuwa matope na kuchelewa kazini. Tangu nilee mgunga nafuata mawingu ya Machi na ya Oktoba. Vuli ile mti wangu uliangusha majani nikidhani nimeuua. Nikapanda matatu hadi Isinya, nikakuta migunga ya porini nayo imeangusha. Na hiyo mizoga nikaiona.

MZEE: Hilo ni jibu. Si jibu lote.

DADA: Lililobaki ni hili. Mimi ni mpangaji. Nikipanda mti ardhini, mwenye nyumba ataung'oa siku atakapojenga vyumba vingine vya kupangisha. Nimehama mara kadhaa, na kila nilipohama mti umekaa mapajani mwangu kwenye pikapu. Sina ardhi, Mzee. Nina chungu.

MAMA: Na hapo mimi niulize kwa heshima. Ploti hizi, Mzee, ziliuzwa na nani?

MZEE: Tuliuza sisi. Karo, hospitali, ukame wa kabla ya huu. Kuna walionunua pikipiki pia. Sikatai. Ardhi ikishakatwa vipande, kipande kimoja hakilishi ng'ombe, na ukikaa nacho unakitazama tu. Lakini msinifanye nionekane nauza nyika kisha nalilia miti. Najua nilichouza.

Hapo kila ninapousikia ubishi huu huwa panatulia, na sioni njia ya kuupita haraka. Aliyeuza alikuwa na sababu, aliyenunua alikuwa na sababu, na kati ya sababu hizo mbili eluai unang'olewa kwa trekta kila wiki. Kinachonivuta kwa Dada ni kwamba ameweka mti wa hapa mbele ya macho ya watu wanaoishi juu ya ardhi iliyokuwa ya mti huo. Waliohamia Kitengela wengi wao hawajawahi kulitazama umbo la mgunga kwa dakika tano. Anayelea mmoja chunguni hana budi kulitazama, kwa sababu mkasi wake unahitaji kujua tawi la kweli huenda wapi.

MWALIMU: Basi tuseme la kung'oa, maana hilo ndilo linaloniondolea usingizi. Kuna watu wanatoka porini na mawaridi ya jangwani kwenye magunia, na visiki vya eluai. Mti mzee wa porini ni bonsai iliyo tayari. Unaokoa miaka thelathini. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa mashambani Kilifi ili ipelekwe Georgia, kwenye bustani ya miti. Wenye mashamba walilipwa. Mwezi wa Novemba Rais Ruto akaagiza uchunguzi wa leseni. Nchi nzima ikashtuka, kwa kuwa mbuyu ni mkubwa na picha zake zilionekana. Waridi la jangwani likitoka kwenye gunia, nani hushtuka?

MAMA: Mimi huwafukuza.

MWALIMU: Wanaenda kwa jirani yako.

DADA: Na mingi hufa, Mwalimu. Watu hawasemi hilo. Mgunga mzee una mzizi uliokwenda mbali. Ukiukata kwa siku moja, juu hakuna kitakachopata maji. Anayejua huchimba mtaro upande mmoja msimu wa kwanza, anaujaza kokoto na udongo mwepesi mizizi midogo iote karibu na shina, msimu wa pili upande wa pili, na huuinua mvua zikianza. Mwenye gunia hana misimu miwili.

MZEE: Kwa hiyo wewe hung'oi.

DADA: Sijawahi. Lakini nina jambo, na nimekuja nalo leo kwa makusudi, kwa kuwa upo. Kuna ploti nyuma ya nyumba ninayokaa. Ina eluai, thelathini hivi. Trekta linakuja Jumatatu kuisafisha. Kuna mmoja ulikatwa zamani kwa makaa, ukachipua upya kutoka kwenye kisiki. Chini ni mnene kama paja langu, na una vinundu vyenye sisimizi wake. Utang'olewa vyovyote vile.

MWALIMU: Ruhusa ya mwenye ploti kwanza, na ofisi ya misitu iulizwe. Hata mti unaokwenda kufa una mwenyewe.

MAMA: Na uwezekano wa kupona?

DADA: Mdogo. Nitaukata matawi karibu yote, niuweke kwenye sanduku la mbao lenye kokoto za volkeno, kivulini, nisiuguse mwaka mzima. Chunguni hautaingia mapema. Sisimizi sijui kama watakaa. Kisiki kitakaa muda bila jani, hawatakuwa na chakula.

MZEE: Mbegu umechuma?

DADA: Maganda yapo. Sijachuma.

MZEE: Chuma kwanza, zote unazoweza, na nusu uniletee. Kuna korongo kwangu mbuzi hawafiki. Kisha utamwambia mwenye ploti aache miwili au mitatu mpakani, mahali ambapo atajenga ua. Ukishamwambia, ndipo uchukue jembe.

DADA: Na akikataa kuiacha?

MZEE: Bado utachukua huo mmoja. Ila atakuwa ameambiwa na mtu kwamba pale palikuwa na miti. Huenda hajui.

MAMA: Namba yake ninayo. Mwaka jana alichukua kwangu miche ya kayaba ya ua. Tumpigie sasa hivi. Leo ni Ijumaa, na hao wa trekta hulipwa kabla.